Kilichopaa Chupani

Jumanne, tarehe 14 Agosti mwaka 2091, saa tatu na robo asubuhi. Joto lilikuwa nyuzi kumi na moja. Upepo ulitoka upande wa ziwa lililokauka, umebeba vumbi jeupe la magadi, na mlima Hanang, ambao siku njema huonekana hadi mikunjo yake, ulikuwa umefichwa wote.

Veneranda Akonaay alikuwa maabara, amesimama mbele ya jiko la umeme, akitazama chupa sita zikipata moto. Ndani ya chupa mlikuwa na supu. Jina lake rasmi lilikuwa kimiminika cha hifadhi, lakini jina hilo lilitumika kwenye barua tu. Ilikuwa maji ya magadi yaliyochanganywa na amini, kemikali nyepesi ya ukoo wa amonia. Watu mia nane walikuwa wamelala ghalani, chini ya kilima, wakati huo, na supu hiyo ndiyo iliyokuwa mahali pa damu yao.

Ukutani palikuwa na kanuni, imeandikwa kwa mkono wa marehemu Daktari Nade aliyeanzisha maabara: *Sampuli ipashwe moto hadi nyuzi hamsini, dakika kumi, chupa wazi, ili viputo vitoke. Kiputo kimoja kwenye mrija ni uongo mmoja kwenye daftari.* Hakuna aliyekuwa ameikiuka kwa miaka ishirini na mbili.

"Hodi humu."

"Karibu," alijibu Sulle, msaidizi wa maabara, bila kuinua macho kwenye mizani.

Aliyeingia alikuwa Bi Thureya Makame, daktari na mkaguzi wa vituo vya usingizi, aliyefika jana yake kutoka Unguja. Alivuka kizingiti hatua moja, akasimama, akavuta ukingo wa mtandio hadi puani.

"Jamani. Mwakaanga dagaa humu?"

Sulle alicheka. "Bibi, ziwa lilikauka kabla sijazaliwa. Dagaa tungewatoa wapi?"

"Basi mwafuga paka waliokufa."

"Ni supu hiyo. Tumeizoea. Mke wangu ananiita Bwana Dagaa. Siruhusiwi kuvuka mlango mpaka nioge uani."

"Na wewe, mwanangu?" Bi Thureya alimgeukia Veneranda. "Husikii?"

"Sisikii harufu yoyote, Bi Thureya. Nimo katika Kundi la Kwanza. Niliamka na ganzi."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake. Mjini hapo ganzi haikuhitaji maelezo. Mvua zilipokatika, mji ulikubaliana kulala kwa zamu, nusu kwa nusu, makundi manne yanayopishana, mawili yamelala na mawili macho, miaka miwili kila zamu, kwa sababu maji yalitosha nusu tu. Mume na mke hawakulala pamoja, ili nyumba isikae bila mtu. Kundi la Kwanza, watu mia tatu na themanini na sita, walilala Januari ya mwaka 2089 na kuamka Januari mwaka huu. Walitembea, walihesabu, walikumbuka majina. Lakini pua zao zilikuwa zimekufa, vidole vyao vilikuwa kama vya mtu aliyevaa glavu, na walitazama watoto wao kama mtu anavyotazama watoto wa jirani. Mji ulisema kwamba usingizi una tabia zake. Wengine walisema ni uvivu. Ndoa kumi na tisa zilikuwa zimevunjika.

"Harufu hii imeanza lini?" aliuliza Bi Thureya.

Sulle alifikiri. "Tangu tulipoacha chumvi ya zamani. Ile ya kununua iliisha, tukaanza kutumia magadi ya ziwani. Desemba ya themanini na nane."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo, mke wangu aliniita kwa jina langu."

Bi Thureya alikagua majokofu, akatia saini karatasi zake, akatoka haraka. Veneranda alizima jiko. Aliziangalia chupa sita zilizokuwa zikitoa mvuke mwembamba, na akili yake, ambayo haikuwa na ganzi, iliweka mambo mawili karibu karibu. Kitu kinachonuka ni kitu kilichoondoka mahali. Kama kimo hewani, hakimo chupani.

*

Kazi ya Veneranda, kwa miaka kumi na minne, ilikuwa namba moja. Mtu asiyefundishwa hudhani kwamba lita moja ya maji ya chumvi na kikombe kimoja cha amini hufanya lita moja na kikombe. Sivyo. Chumvi hukaza maji, amini hujipenyeza katikati ya maji yaliyokazwa, na jumla hutoka pungufu. Pungufu kwa kiasi gani? Hiyo ndiyo namba: nafasi ambayo kila fungu la amini hushika likiwa ndani ya chumvi hiyo, kwa joto hilo.

Namba ilipatikana kwenye mrija wa kioo, mwembamba kama mkia wa panya, uliokunjwa katikati. Mrija ulijazwa supu, ukatetemeshwa. Supu nzito iliutetemesha polepole, supu nyepesi iliutetemesha haraka. Mtetemo ulitoa msongamano, na msongamano ulitoa namba. Namba iliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa langoni kila asubuhi saa mbili, pamoja na jina la aliyepima, na watu wa mji waliisoma wakipita, ingawa wengi wao hawakujua maana yake. Ilikuwa 74.2. Ilikuwa 74.2 tangu Desemba ya mwaka 2088, alipoipima Veneranda mwenyewe, wiki tatu kabla ya kulala. Tangu hapo Sulle, na yeye mwenyewe alipoamka, waliipima mara tisini na sita kwa kanuni ileile, na kila mara walipata 74.2. Walijivunia jambo hilo.

"Sulle, nipe chupa mbili tupu."

Alitia supu gramu mia moja katika chupa ya kwanza. Katika ya pili alitia maji ya magadi matupu, gramu mia moja, bila amini. Alizipasha moto zote mbili: nyuzi hamsini, dakika kumi, vizibo wazi. Akaziacha zipoe, akazirudisha kwenye mizani.

Chupa ya magadi matupu ilikuwa imepungua gramu 0.12. Hayo ni maji, na hayakumshangaza mtu.

Chupa ya supu ilikuwa imepungua gramu 1.43.

Sulle alisoma mizani, akaipangusa, akasoma tena. "Mizani imeharibika."

"Rudia."

Alirudia mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa vilevile. Tofauti ilikuwa gramu moja nukta tatu moja, na katika gramu mia za supu amini yote ilikuwa gramu sita nukta sita. Moja ya tano ya amini ilipaa kila walipopima, ikaingia kwenye nywele za Sulle na mapazia ya maabara, kisha wao wakapima kilichobaki na kuandika kana kwamba yote imo.

"Lakini kanuni ni ya Daktari Nade," alisema Sulle.

"Daktari Nade alitumia chumvi ya kununua, na aliitia asidi kidogo. Asidi huifunga amini. Hata ukiichemsha haiendi popote. Magadi huifungua." Veneranda alisema polepole, akijisikiliza. "Tulibadilisha chumvi. Hatukubadilisha kanuni."

"Dada Vene."

"Nasikia."

"Tumepima mara tisini na saba."

"Tumekosea mara tisini na saba, kwa usahihi uleule."

Alivuta supu mpya, baridi, kwa bomba la sindano lililofungwa, akalisimamisha wima ndani ya jokofu kwa saa mbili mpaka viputo vikapanda vyenyewe juu. Kisha akaisukuma ndani ya mrija bila kuipasha moto. Zamani msongamano ulisoma 1.0283. Sasa ulisoma 1.0234. Alikokotoa kwa penseli, si kwa mashine, kwa sababu alitaka kuona kila hatua.

78.3.

Alitazama ndani yake kama hofu imekuja. Haikuwapo. Palikuwa na mahali pake tu, safi, kama alama ya picha iliyoondolewa ukutani.

*

Alimkuta Bi Thureya chumba cha wageni, anakunywa chai ya tangawizi. Alimwekea mezani karatasi mbili. Bi Thureya alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mimi ni tabibu, si mtu wa mirija. Nieleze kama unavyomweleza mpishi."

"Kabla ya mtu kuamshwa, mashine hutoa supu kiasi kichwani, ili damu ikirudi ipate nafasi. Mashine haioni nafasi. Inapima tu uzito wa supu iliyomo kichwani. Inageuza uzito kuwa nafasi kwa kutumia namba yangu. Namba yangu ilisema supu inashika nafasi ndogo kuliko inavyoshika kweli. Kwa hiyo mashine ilitoa pungufu."

"Pungufu kiasi gani?"

"Mililita saba, kwa kichwa cha mtu mzima."

Bi Thureya alichukua kijiko kilichokuwa kwenye sosa yake, akakitazama. "Hiki ni mililita tano."

"Basi ni kijiko kimoja na nusu."

"Ndani ya fuvu lililofungwa." Alikirudisha kijiko taratibu. "Mwanangu, hiyo ndiyo ganzi yenu. Si tabia ya usingizi. Ubongo umebanwa. Unakufa pua kwanza, kwa sababu mshipa wa pua ndio dhaifu, kisha ngozi, kisha mapenzi."

"Kuna dawa?"

"Ipo sindano ya mgongoni. Unapunguza maji kidogo kidogo, mara tatu, mara nne. Nimeifanya Pemba kwa wavuvi wa vilindi. Lakini kuna muda. Mwaka mmoja tangu kubanwa. Ukipita mwaka, kovu limeshashika, na kovu halishiki dawa."

"Tuliamka Januari."

"Imebaki miezi mitano," alisema Bi Thureya. "Twende kwa mkubwa wako sasa hivi, au unataka kwenda peke yako?"

"Peke yangu. Saini ni yangu."

*

Daktari Gwandu, mkuu wa kituo, alizisoma karatasi akiwa amesimama, akazisoma tena akiwa ameketi.

"Kaa, Veneranda."

"Nitasimama, Daktari."

"Nani mwingine anajua?"

"Sulle. Na Bi Thureya."

Daktari Gwandu aliziweka karatasi mezani. Vumbi liligonga kioo kama mchele unaopepetwa. "Keshokutwa, Alhamisi, tunaamsha Kundi la Pili. Watu mia nne na kumi. Tutatumia namba yako mpya. Hilo halina mjadala, na nakushukuru."

"Na Kundi la Kwanza?"

"Hilo lina mjadala." Aliinuka, akasukuma dirisha ambalo tayari lilikuwa limefungwa. "Jumamosi watu mia nne wanaingia ghalani. Mume wako yumo. Ukiwaambia leo kwamba wenzao tuliwaharibu vichwa, nani atapanda kwenye kile kitanda? Hawatapanda kumi. Tangi lina maji ya nusu ya mji. Tukikesha sote, kabla ya Septemba tutakuwa tunagawana tope. Hiyo pia ni hesabu. Ikokotoe."

"Nimeikokotoa."

"Basi unajua."

"Najua kwamba wale mia tatu na themanini na sita wana miezi mitano."

Daktari Gwandu alikaa tena, na safari hii alikaa kama mtu aliyewekwa. "Binti yangu Theofrida yumo. Umesahau? Miezi saba nimemwita mvivu. Juzi nilimwambia hana moyo, mbele ya mama yake." Alipitisha kiganja usoni. "Atapigwa sindano Ijumaa, nyumbani kwangu. Na wewe pia, siku hiyohiyo. Nitamwomba Bi Thureya kama mzazi, hatakataa. Wengine tutawaita mmoja mmoja, tuseme ni uchunguzi wa kawaida. Kimya kimya."

"Kimya kimya, kwa miezi mitano, watafika sitini."

"Sitini ni wengi kuliko sifuri."

"Ni wachache kuliko mia tatu na themanini na sita."

"Mama, unasema kama mashine."

"Ndivyo tulivyoamshwa, Daktari."

Hakuwa amekusudia kumchoma. Maneno yalitoka kwa sababu yalikuwa kweli. Lakini aliona uso wa mzee huyo ukibadilika, na akakumbuka, kama anavyokumbuka fomula, kwamba mtu akibadilika uso hivyo ameumia.

"Jina lililo ubaoni ni lako," alisema Daktari Gwandu mwishowe, kwa sauti ya chini. "Watakuja mlangoni kwako, si kwangu. Nenda nyumbani ufikiri. Ubao ni saa mbili kesho."

*

Saa kumi na moja jioni Lohay, mume wake, alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Lohay alikuwa fundi wa mabomba wa mji. Tangu Januari alikaanga vitunguu kila jioni, hata siku ambayo hapakuwa na kitu cha kupikwa navyo, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ambayo Veneranda aliipenda tangu wakiwa wachumba.

"Vipi?" aliuliza, kama kila siku.

"Hapana."

"Haya." Alipunguza moto.

Veneranda alikaa kwenye kigoda akamweleza yote kwa mpangilio: dagaa wa Bi Thureya, chupa mbili, kijiko kimoja na nusu, sindano, tangi, Ijumaa nyumbani kwa Daktari Gwandu. Lohay hakumkatiza. Vitunguu viligeuka dhahabu, vikaanza kugeuka kahawia.

"Kwa hiyo si mimi," alisema Lohay, mkewe alipomaliza.

"Si wewe."

"Miezi saba najiuliza nilikukosea nini ulipokuwa umelala. Nilikuja ghalani siku moja nikakulalamikia kwamba paa linavuja. Nikafikiri, labda aliyelala husikia. Labda umeamka na hilo paa moyoni."

"Sikusikia."

"Nilishaliziba."

"Nimeliona."

Lohay alicheka kidogo, kisha akaacha. "Utasema kesho?"

"Sijui. Zamani ningelia kwanza, halafu ningesema. Sasa natafuta kitu cha kunisukuma, sikipati. Naona pande mbili tu, zimekaa kama chupa mezani. Upande huu watu wangu. Upande huu maji. Sihisi aibu, Lohay. Nimeharibu watu mia tatu na themanini na sita, nami ni mmoja wao, na sihisi kitu."

Lohay aliondoa sufuria motoni. "Nikuulize jambo la kijinga."

"Uliza."

"Unapopima, huwa unangoja moyo ukuambie kitu ndipo uandike namba?"

"Hapana."

"Sasa unaandika kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ndiyo iliyotoka."

Lohay aligawa ugali katika sahani mbili, akamwekea vitunguu vingi zaidi. Walikula. Alipomaliza, Veneranda alifungua daftari lake la kazi na kunoa penseli.

*

Jumatano saa mbili kasoro dakika tano, upepo ulikuwa umetulia. Watu wapatao sitini walikuwa langoni wakisubiri mgao wa maji. Veneranda alitoka na kiti, chupa moja, kijiko cha chai, na chaki.

Kanuni moja ya maabara haikuwa imebandikwa ukutani kwa kuwa kila mtu aliijua: kosa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, ili lisomeke, na aliyelikata huweka saini pembeni. Aliikata 74.2 kwa mstari mmoja. Akaweka saini. Chini yake akaandika 78.3, na jina lake. Kisha akageuka.

"Namba ya zamani ilikuwa si kweli," alisema. Hakuipaza sauti, lakini foleni yote ilimgeukia. "Mimi ndiye niliyeipima. Kwa sababu yake, mashine iliacha kijiko kimoja na nusu cha supu katika kila kichwa cha Kundi la Kwanza. Ganzi yetu haitokani na usingizi, na si uvivu. Imetokana na kosa hilo. Ina dawa, na dawa ina mwisho: Januari. Waliolala ghalani sasa wataamshwa kwa namba hii ya pili, na watakaolala Jumamosi pia. Chupa hii ndiyo iliyonionyesha. Pita, unuse. Anayesikia harufu aendelee na foleni. Asiyesikia asimame huku, na mimi."

Alikuwa amesimama upande wa kushoto wa ubao. Alikuwa peke yake.

Mtu wa kwanza alinusa, akarudi nyuma amekunja uso. Wa pili alifunika pua kabla hajafika. Wa tatu alikuwa Restituta, mama muuza vitumbua, aliyeachika mwezi Aprili kwa sababu mume wake alisema amerudishiwa jiwe. Restituta aliinamisha uso juu ya chupa. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akaenda akasimama karibu na Veneranda.

"Kijiko cha chai?" aliuliza.

"Cha chai. Kimoja na nusu."

Restituta alikichukua kijiko kutoka kwenye kiti, akakigeuza. "Kwa kijiko hiki nimefukuzwa nyumbani."

"Ndiyo."

"Haya," alisema Restituta, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mteja kwamba vitumbua vimekwisha.

Kufikia saa mbili na nusu, upande wa kushoto walikuwa kumi na wanane. Hawakupiga kelele. Hakuna aliyekuwa na uwezo huo. Waliopiga kelele ni wa upande wa kulia: waume, mama, mtu na dada yake. Mwanamke mzee ambaye mtoto wake wa pekee alikuwa ameamka Januari bila kumkumbatia alitoka kwenye foleni, akamwendea Veneranda, akampiga kofi. Lilisikika hadi ndani ya uzio. Veneranda alijua mahali lilipotua kwa sababu kichwa chake kiligeuka.

"Wewe ndiye uliyetia saini?" mwanamke aliuliza.

"Ndiyo, mama. Zote mbili."

Mwanamke huyo alitazama ubao, mstari mmoja wa chaki na namba mbili. Kisha akaketi chini palepale, kwenye vumbi la magadi, akamtuma mtu akamwite mwanawe.

*

Yaliyofuata ni haya.

Sulle alichomoa waya wa jiko la umeme. Hakuichana kanuni ya Daktari Nade. Aliikata kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: *Baridi, bomba limefungwa, saa mbili.* Wiki hiyo mke wake alimruhusu kuingia bila kuoga, akamwita kwa jina lake.

Kundi la Pili liliamshwa Alhamisi kwa namba mpya. Wengi wao, kabla ya kuuliza habari za nyumbani, waliuliza kwa nini ghala linanuka.

Bi Thureya hakusafiri Ijumaa kama alivyokuwa amepanga. Alituma ujumbe Unguja kuomba sindano na tabibu mwingine, akafungua chumba cha matibabu katika ukumbi wa mikutano. Hadi Novemba alikuwa amewatibu watu mia tatu na sabini na tisa. Saba hawakuja, wala hawakusema sababu.

Daktari Gwandu alimpeleka Theofrida kwenye foleni kama watu wengine, akapewa namba mia mbili na kumi, akasimama naye siku tatu. Kisha aliandika barua ya kujiuzulu. Hakuna aliyepata muda wa kuijibu, kwa hiyo aliendelea na kazi.

Jumamosi, kati ya watu mia nne waliotakiwa kulala, walikuja mia moja na thelathini na mmoja. Mgao wa maji ulishushwa kutoka lita ishirini hadi lita kumi na tatu kwa mtu. Mifugo ilichinjwa. Mtoto mmoja na wazee wawili walikufa kwa kuhara mwezi Septemba, na majina yao yaliandikwa ubaoni, chini ya namba, kwa mwandiko wa Veneranda.

Restituta alirudi kuuza vitumbua langoni. Mume wake alikuja kumwomba radhi mara mbili. Alimuuzia vitumbua mara zote mbili.

Lohay alikuwa mmoja wa wale mia moja na thelathini na mmoja. Kabla ya kupanda kitandani aliuliza namba. Veneranda alimwambia. Alitikisa kichwa kukubali, akalala. Nyumbani alikuwa ameacha vitunguu vimefungwa kwenye kamba, vinaning'inia juu ya jiko.

Veneranda alijiandikisha wa mwisho katika foleni, akapigwa sindano nne mwezi Novemba. Baada ya hapo alikata kitunguu kimoja kila jioni, akakikaanga akiwa ameligeuzia jiko mgongo, akangoja dakika kumi, akaandika daftarini tarehe na neno moja: *hapana.* Siku ya kumi na tisa aliandika *hapana*. Alivuta pumzi tena, penseli mkononi, na kitu chembamba, kama utamu, kikapita puani. Kisha alilikata neno hilo kwa mstari mmoja, akaweka saini pembeni, akainuka kukata kitunguu kingine ili arudie kipimo.